Nilivyojifunza kusoma ramani za Sandhills

Nilipopata kazi ya kupima kina cha maji visimani huko Sandhills, eneo la matuta ya mchanga kaskazini mwa jimbo la Nebraska, Marekani, nilidhani simu ingenitosha. Kaunti ya Cherry peke yake inazidi kilomita za mraba 15,000, na wakazi wake hawafiki 6,000. Ukiacha lami tu, mtandao unakata. Unabaki na nyasi, ng'ombe na pampu za upepo.

Nikachapisha ramani za USGS, shirika la jiolojia la serikali ya Marekani, za skeli ya 1:24,000, ambazo hupakuliwa bure. Siku ya kwanza nikaona mstari mwekundu ulionyooka kama uzi, nikaufuata nikiamini ni barabara. Gari likakwama, magurudumu ya nyuma yakazama nusu mchangani. Mwenye ranchi aliyekuja kunivuta kwa trekta alitandaza ramani juu ya boneti akanielewesha: ile mistari myekundu ni mipaka ya wapima ardhi, viwanja vya maili moja kila upande, ekari 640. Ukiitafuta ardhini huioni. Njia ya gari ni vistari vyeusi vya mkatomkato. Namshukuru mpaka leo.

Baada ya hapo nikahamia kwenye kontua, ile mistari ya kahawia inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Milima ya Sandhills ni mchanga uliorundikwa na upepo kisha ukashikwa na nyasi. Matuta makubwa mengi yamelala mashariki-magharibi, na upande wa kusini kontua zimebanana, maana yake huko ni mteremko mkali. Kwa hiyo sikati tuta tena. Nafuata bonde hadi linapoishia, nazunguka, hata kama naongeza maili nne.

Kilichonifurahisha zaidi ni maziwa. Mengi ni mashimo tu kati ya matuta, yaliyoshuka hadi yakakutana na maji ya ardhini. Basi uso wa ziwa unakuonyesha maji yako wapi chini ya miguu yako. Nikaanza kutoa mwinuko wa ziwa kwenye mwinuko wa kisima cha jirani kabla sijashuka garini.

Kisima kimoja hesabu iliniambia futi 35. Nikapaka chaki kwenye tepu ya chuma, nikaishusha polepole, nikaivuta. Chaki ya mwishoni ilikuwa imelowa, nyeusi; nikatoa urefu uliolowa kwenye urefu wa tepu niliyoshusha, nikapata futi 38.