Shikamoo kwa sauti ya pili

Kwenye kwaya ya usharika wetu Moshi niliimba sauti ya nne, ile nzito ya wanaume, tangu nikiwa na miaka 15. Watu walinisifia kwa ule uzito. Mimi nilikuwa nawasikiliza akina mama wa sauti ya pili, natamani kusimama upande wao.

Leo niko Toronto, naishi kama mwanamke niliye, na tangu mwaka jana najifunza kuongea upya. Wengi hudhani homoni humaliza kazi. Kwa anayetumia testosteroni, nyuzi za sauti hunenepa na sauti hushuka. Estrojeni haina uwezo huo: nyuzi zilizonenepa wakati wa balehe hubaki hivyo hivyo. Kwa wengi wetu yanabaki mazoezi.

Kila asubuhi nazamisha mrija kwenye glasi ya maji, navumia ndani yake, mapovu yanatoka, sauti inapanda na kushuka polepole. Mapovu yakikatika najua nimekaza koo, naacha. Koo linalolazimishwa huumia, na mwalimu wangu wa tiba ya usemi hana mchezo na hilo. Siku ya kwanza alinipima nikawa kwenye hezi 110, yaani mitetemo 110 kwa sekunde; ikizidi, sauti ni nyembamba zaidi. Wanawake wengi huongea kati ya 180 na 220. Nikapanda, lakini nikasikika mwanamume aliyebana sauti. Kumbe kazi kubwa ni mvumo: koromeo liinuke kidogo, nafasi ya ndani ya koo ipungue, sauti ije mbele, karibu na meno. Mwenzetu mmoja kwenye kikundi chetu cha mazoezi, asiyejiona mwanamume wala mwanamke, yeye anatafuta pale katikati, kwenye 160 hivi, sikio libaki linasitasita. Anajituma kuliko sisi sote.

Ikabaki simu ya nyumbani. Kwa Kiingereza nilishaiva. Mama akipokea tu, "Haloo, nani mwenzangu?", namwamkia na sauti ya nne inarudi yote. Kiswahili hakina "yeye" wa kike na wa kiume, na hilo nalishukuru sana, ila koo langu lilijifunza Kiswahili likiwa na sauti ile. Nikamwomba mwalimu tuanze upya na maneno yangu. Shikamoo mama. Mvua imenyesha huko? Ule mgomba wa nyuma umezaa? Miezi mitatu, maneno hayo hayo.

Mama nilishamweleza miaka miwili iliyopita. Hakukata simu, ila tangu siku hiyo hajanitaja kwa jina lolote. Ananiita "mwanangu".

Jumamosi nikampigia. Alikuwa sokoni Kiboriloni, wauza mitumba wananadi kwa nguvu. Nikamwamkia. Kimya. Nikasikia kelele zinafifia, anasogea pembeni.

"Marahaba. Hebu ongea tena."

Nikamuuliza habari za mgomba.

"Umechukua sauti ya shangazi yako," akasema.

Shangazi, hadi anafariki, ndiye aliyeongoza sauti ya pili.