Piko sio hina, mkono wangu shahidi

Ukinikuta sokoni Mgandini nachagua nyanya tazama mkono wangu wa kulia, utaona ua na kitawi chake kimepanda mpaka karibu na kiwiko. Watu wanadhani tatuu. Sio tatuu jamani, ni piko, ile rangi nyeusi ya kujichora, niliyopaka kwenye harusi mwaka juzi, rangi ilishatoka kitambo ila ngozi imebaki imepauka kwa mchoro ule ule, hata jani moja halijapotea.

Ilikuwa harusi ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, hapo Makorora. Alhamisi usiku wanawake tumejaa ndani, bi harusi kashachorwa, tukafuata sisi wengine. Mchoraji ana koni mbili, ya hina na ya piko, mie nikasema nichore nyeusi bwana, hina itanitaka nikae mikono juu usiku kucha na nina watoto wa kuogesha. Haikufika saa nzima nimeshanawa, nyeusi tii kama wanja, najiona!

Ijumaa hamna kitu. Jumamosi asubuhi mkono unawasha nikasema ni joto tu. Jioni kwenye kutoa zawadi ule mchoro umeinuka kama kamba, na usiku ndo malengelenge yakatoka, yamejaa maji, yamefuata maua mstari kwa mstari. Bibi akaangalia akasema hilo jicho, ulipendeza mno mbele za watu. Wifi kaja na dawa ya meno. Shangazi akasema ndimu na chumvi, nikamwambia shangazi mie sio changu wa kukaanga.

Kilichonichanganya ni kwamba Idi ya kabla ya harusi hiyo nilipaka piko hiyo hiyo, na harusi ya kabla yake pia, sikuona hata kipele. Nikamwambia daktari hivyo nikidhani namshinda hoja, akacheka, akasema hapo ndo penyewe. Hina ni majani ya mhina yaliyosagwa basi. Piko mara nyingi ni ule unga mweusi wa kupaka nywele, ndani yake kuna kemikali inaitwa parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Ukiipaka inapenya ngozini, mwili unaweza ukaiandika jina kimya kimya kama adui na wewe hujui, unaendelea na maisha yako, siku nyingine ukipaka askari wa mwili wameshamjua mtu wao na ndani ya siku moja mpaka tatu hivi mkono unawaka moto. Kwa hiyo yule anayesema "mie napaka miaka yote hainifanyi kitu" anajivunia kitu ambacho hakimlindi. Na wale askari wakishajua hawasahau, ni aleji ya maisha.

Ulaya kwenye rangi ya nywele yenyewe PPD haitakiwi izidi asilimia 2 na kuchorea ngozi ni marufuku kabisa. Sisi kwenye koni nani anapima?

Haya, matibabu. Kwanza ukianza tu kuwashwa osha kwa maji mengi na sabuni isiyo kali, usisugue. Kitambaa kisafi kilicholowa maji ya baridi kinatuliza kuliko unavyofikiri. Malengelenge usiyapasue, ile ngozi ya juu ndo bandeji yako, nilipasua moja kwa kiherehere na ndo lililotunga usaha peke yake. Daktari akaniandikia betamethasoni, krimu ya steroidi ya kutuliza ngozi, nipake nyembamba, kwa siku alizosema yeye, na setirizini ya kupunguza mwasho. Mtu aliyevimba sana anaweza kupewa prednisoloni ya vidonge, ila hiyo ni ya daktari, sio ya kuomba dirishani. Na hizi tyubu za mchanganyiko za duka la dawa, ambazo kila kitu ngozi wanakupa hiyo hiyo, nyingine zina neomaisini ambayo nayo inawapa watu aleji, halafu krimu ya steroidi ukiizoea inakula ngozi, wale wa mkorogo wanajua ninachosema.

Ukivimba midomo au uso, au pumzi inabana, usipake chochote, kimbia hospitali usiku huo huo. Na kama malengelenge yametoka baada ya kumeza dawa, hasa za salfa, na mdomoni na machoni kuna vidonda, hilo ni jambo lingine kabisa na linaua, kimbia hivyo hivyo na pakiti ya dawa mkononi.

Nilichokuja kukijua kwa kuchelewa ni kwamba mimi na rangi nyeusi za nywele ndo basi tena. Jirani yangu na yeye alishawahi kubabuka kwa piko, akapuuza, akaenda saluni kufunika mvi, kesho yake macho hayafunguki. Mie mvi zangu nimeziacha zitoke, na nikienda kung'oa jino nasema mapema nina aleji na PPD maana kuna dawa za ganzi za kupaka ambazo ni ndugu zake.

Mtu ananiuliza nitajuaje. Hina ya kweli inanuka majani, inataka masaa, ukiibandua ni rangi ya machungwa kwanza, inakolea siku ya pili inakuwa damu ya mzee. Ikiwa nyeusi hapo hapo kuna kitu kimetiwa, hata mchoraji akiapa. Nilimuuliza yule wa kwetu anatia nini, akanijibu siri ya kazi dada. Watoto wachanga lakini hata hina yenyewe msiwapake, kuna wanaozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na hina inaweza kuwavunja damu.

Mwezi ujao tuna harusi Pangani. Nimeshatwanga majani yangu, nitakoroga na ndimu nyumbani, naenda nayo kwenye kopo la Blue Band, wifi keshanicheka kwenye grupu la familia.