Hesabu iliyorudi nyuma

"Sitini na moja, sitini na mbili, arobaini..."

Nilidhani ananitania. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akihesabu matofali yanayopakiwa garini, na huyo hakosei hesabu hata usingizini. Nikamwita. Akageuka, akanitazama kama mgeni, akaendelea: "Arobaini, arobaini."

Ilikuwa saa nane mchana, Oktoba, mvua bado. Watu husema Lubumbashi ni mji wa baridi, na Juni kweli tunajifunika blanketi mbili. Waje Oktoba huku nje ya Ruashi, tunakofyatua matofali ya udongo wa kichuguu, wasimame kando ya tanuru linalowaka. Yeye alikuwa na siku ya tatu tu kazini, ametoka kuuza dukani, na mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto la namna hiyo. Nilijua, na bado nilimpa kazi sawa na wakongwe.

"Njo malaria ile, Mama," kijana mmoja akasema, ameshaanza kutafuta vidonge. Mwingine akasema ni uchovu, kwani si anatoka jasho? Hapo nilisita. Kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza parokiani tuliambiwa aliyezidiwa na joto ngozi yake hukauka. Kumbe kwa mtu aliye katika kazi nzito jasho laweza kuendelea kumtiririka. Nikashikilia ile hesabu. Wiki iliyotangulia mzee mmoja alilegea, ngozi baridi, kichefuchefu, mapaja yanamkaza, lakini kila swali alilijibu, hata posho alinidai. Huyo tulimlaza kivulini, miguu juu ya matofali, akanywa kidogokidogo lita moja ya maji yenye vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Nusu saa haikwisha akaketi. Mdogo wangu akili yenyewe ilikuwa imeyumba, na hiyo ni hatari ya kifo.

Tukambeba hadi chini ya mwembe, tukamvua ovaroli. Maji yaliyokuwepo ni ya pipa la kukandia udongo. Tukammwagia hayohayo, tope likamjaa masikioni, huku wawili wakimpepea kwa makatoni. Mama anayeuza maji ya vifuko akaja na kapu lake la barafu; vifuko tukavipanga shingoni, makwapani na kwenye kinena. Mtu akaleta glasi ya maji ya sukari nikaikataa: asiyejitambua akinyweshwa, maji huweza kuingia mapafuni. Vidonge vya homa navyo nikavikataa, maana joto hilo halivisikii.

Dakika kama ishirini hivi gari lilipofika, alikuwa ameanza kuuliza: "Yaya, dada yangu, mbona mmeniloweka?" Sikumwamini. Tulimpeleka hospitali vilevile, njiani tukiendelea kummwagia maji. Kipimo cha malaria kilionyesha hana. Walimlaza siku mbili, wakimpima damu kuangalia figo.

Siku hizi tunaanza saa kumi na moja alfajiri, saa tano tunaacha, saa tisa na nusu tunarudi. Mgeni hupewa nusu ya mzigo juma la kwanza. Wakongwe wananung'unika kwamba ninawalea watu kama mayai, na fedha kweli imepungua kidogo.

Yeye alirudi baada ya wiki tatu. Anahesabu tena matofali kwa sauti, nami nasikiliza kila namba.