Mradi wa intaferomita chumbani, Tabata: wiki ya 6, nimenasa kinu

Haya wadau, mashine imekubali. Juzi usiku saa saba kasoro mistari imetokea ukutani, mwekundu mweusi mwekundu mweusi, nikakaa chini naiangalia kama dakika kumi bila kuandika chochote, halafu bajaji ikapita nje na mistari yote ikafutika.

Kwa mgeni, hii ni intaferomita ya Michelson, akili ileile wanayotumia LIGO kule Marekani kunasa mawimbi ya uvutano (mtikisiko wa nafasi yenyewe unaotoka kwenye vitu vizito vikigongana huko mbali angani) ila yangu iko juu ya stuli. Leza inapiga kioo cha kugawa mwanga, nusu inanyooka nusu inakata kona, kila moja inagonga kioo chake inarudi, zinapokutana ndo zinachora mistari. Leza yangu ni ya nanomita 650, kwa hiyo kioo kikisogea nanomita 325 tu basi mstari mmoja unahamia alipokuwa mwenzie. Unywele mmoja wa mtu ni unene wa mara mia mbili hivi ya hapo.

Leza nimenunua Kariakoo. Vioo ni sahani za ndani ya "hard disk" mbovu za kompyuta, fundi kompyuta alinipa bure, na hizi ni bora kuliko kioo cha bafuni maana zinarudisha mwanga juujuu, kile cha bafuni rangi iko nyuma ya glasi unaishia kupata doa mbili. Chini kuna kipande cha granaiti, mabaki ya kaunta ya jikoni ya mtu, kimelalia tyubu ya pikipiki yenye upepo nusu.

Kilichonikwamisha wiki 3 nzima ni ujinga wangu mwenyewe. Mkono mmoja, yaani njia ya mwanga toka kioo cha kugawa hadi kioo cha mwisho, ulikuwa sentimita 30 mwingine 24, nikadhani haina shida, kumbe leza za bei poa mwanga wake hauendi na mpangilio mmoja kwa umbali mrefu, njia mbili zikipishana sana urefu huoni mstari hata ukeshe. Nimesawazisha kwa rula, dakika ishirini mambo yakawa.

Sasa kelele. Aisee. Feni nimezima, natoka jasho kama niko ndani ya daladala la Mbagala saa kumi na moja jioni, na bado mistari inacheza kwa sababu ya hewa ya joto tu kupita katikati ya vioo. Hapo ndo nimewaelewa LIGO kwa nini mikono yao ya kilomita 4 iko ndani ya mabomba yaliyonyonywa hewa, na kila kioo ni kilo 40 kimening'inizwa kwa nyuzi za glasi kwenye pendulamu ya ngazi 4. Nilikuwa naona ni mbwembwe za watu wenye hela. Tarehe 14 Septemba 2015 waliponasa wimbi la kwanza, la mashimo meusi mawili yaliyogongana umbali wa miaka ya mwanga kama bilioni 1.3, mikono ile ilibadilika urefu kwa kipimo kidogo kuliko protoni, na kitu chenyewe kilidumu sekunde 0.2. Mimi bajaji inanishinda.

Na hata wao wanasumbuliwa, msidhani. Pale Hanford, kituo chao kimojawapo, kuna kelele ilikuwa inawatokea kwenye data, kufuatilia wakakuta ni kunguru wanadonoa barafu iliyoganda kwenye bomba la naitrojeni. Wangeletewa hawa wa kwetu wa Dar wangefunga kituo.

Jana nimefunga sensa ya mwanga na Arduino (kadi ndogo ya kielektroniki inayosoma sensa na kupeleka namba kwenye kompyuta) ili nipate grafu badala ya kukodolea ukuta. Saa kumi jioni ikaanza kupiga vilele, tu, tu, tu, vimepangana vizuri kama kila sekunde moja kasoro kidogo. Nikashika pumzi nikidhani ni mapigo yangu ya moyo, haikubadilika. Nikasogea nje ya chumba, bado. Kutoka uani namkuta mama wa chumba cha pili anatwanga kisamvu.

"Shikamoo mama. Umeanza kutwanga saa kumi?"
"Marahaba mwanangu, kwani nimekusumbua?"
"Hapana mama, nimekuona kwenye kompyuta."

Akaacha mchi akaniangalia, nikaona nimeharibu, ikabidi nimwite aje aone. Alipoona akarudi uani akatwanga mara tatu makusudi, na vilele vitatu vikatoka. Sa hivi ndo fundi wangu mkuu wa majaribio.

Ila swali linabaki, nitajuaje hiki ni kinu na hiki ni kitu cha mbali? LIGO wana vituo viwili, Livingston na Hanford, karibu kilomita 3,000 kati yao, na lile wimbi la 2015 lilifika Livingston kwanza, Hanford milisekunde 7 baadaye. Kinachoonekana kote kwa umbo lilelile ndo wanakihangaikia. Mimi mawimbi ya uvutano sitayanasa hata nikizeeka humu chumbani, ila tetemeko dogo la ardhi sio ndoto, na kinu cha Tabata hakiwezi kufika Kigamboni. Kwa hiyo naunda mashine ya pili, granaiti ingine nishapata, nimempigia shemeji anayekaa kule anipe kona ya stoo. Amekubali, ila kauliza inakula umeme kiasi gani maana LUKU ananunua yeye.