Siku moja maishani mwangu: Ijumaa na suti za zamani za watoto wa kiume

Saa 11 alfajiri. Nauza suti za mitumba za watoto wa kiume, na Ijumaa ndiyo siku yangu ndefu. Jumamosi ni harusi, Jumapili ni kipaimara, na wazazi wa Dar es Salaam hukumbuka suti ya mtoto siku moja kabla. Chai ya rangi, kiporo, daladala ya Ilala.

Saa 12 na nusu. Soko la mitumba la Karume, wafungua belo wameshaanza kuita. Belo la nguo za watoto ni mchanganyiko wa sweta, nguo za kulalia, jezi, na humo humo, ukibahatika, koti dogo la sufu lenye bitana ya hariri. Sinunui belo zima. Nachagua kipande kimoja kimoja, bei inapanda kidogo, lakini sirudi na rundo la nguo za kulalia.

Wenzangu wanagombania rangi. Mimi nageuza nguo ndani nje, kwa sababu suti ya zamani ya mtoto inajulikana kwa ndani. Waliozishona walijua mtoto anakua na suti ni ghali, kwa hiyo waliacha kitambaa cha akiba: pindo pana miguuni, mikononi, na nyuma ya kiuno. Suti mpya za dukani nyingi zina pindo la kidole kimoja, mtoto akirefuka kidogo tu imekwisha. Halafu nafinya kifua cha koti, nje kwa kidole kimoja, ndani kwa kingine. Nikisikia tabaka la katikati linaelea, limeshonwa kwa uzi. Kama vyote vimegandana, ni gundi, na gundi ikizeeka au ikipigwa maji ya moto kitambaa huota malengelenge. Hiyo naiacha hata kama inang'aa.

Lebo nayo inasema. Ya "Made in West Germany" ni ya 1990 au kabla, Ujerumani mbili zilipokuwa hazijaungana. Koti la Marekani huweza kuwa na lebo ya chama cha mafundi, Amalgamated Clothing Workers of America, iliyofichwa ndani ya mfuko, na juu yake mwaka uliochapwa, 1949 au 1962. Mwaka huo ni wa lebo, si wa koti, lakini unajua koti halijashonwa kabla yake. Leo nimepata moja lenye lebo ya 1962, kijivu, saizi ya mtoto wa miaka sita. Nimeikunja chini kabisa ya mfuko, muuzaji asije akabadili mawazo.

Saa 3. Sufu haifuliwi kwa kusugua. Napiga brashi, naanika kivulini, kisha pasi juu ya kitambaa chenye unyevu.

Saa 4. Kwa fundi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Leo umeniletea marehemu gani?"

Kila Ijumaa swali hilo hilo. Anafumua pindo la suruali, inaongezeka sentimita nne. Tatizo ni ule mstari wa mkunjo wa zamani, ambao hubaki kama kovu. Dawa yake ni siki kidogo kwenye maji, kitambaa, na pasi bila haraka. Fundi anafanya kimya, ila kwenye malipo hanyamazi.

Saa 7. Wengi wamekwenda Swala ya Ijumaa, soko limetulia, na mimi naitazama suti ya baharia niliyoipata wiki iliyopita: blauzi nyeupe, kola pana ya mraba yenye mistari ya buluu. Asili yake ni ya kifalme. Mwaka 1846 mtoto wa Malkia Victoria, Albert Edward, akiwa na miaka minne, alivalishwa sare ya mabaharia kwenye jahazi la mama yake, na mchoraji Winterhalter akamchora nayo. Baada ya hapo Ulaya nzima ikawavalisha watoto vile. Kabla ya kufikia suruali, mvulana mdogo wa Ulaya wa enzi hizo alivaa gauni kama dada yake, mpaka miaka minne, mitano, hata zaidi. Niliwahi kumweleza jirani yangu wa viatu, akacheka mpaka mteja wake akaondoka.

Saa 9. Mama na kijana wake. Amependa kizibao na koti, ameinua suruali, kumbe ni kaptula.

"Dada, hii ni ya shule."

"Mama, kwa wenzetu wa Ulaya kaptula ndiyo ilikuwa suti ya mtoto. Suruali ndefu alisubiri akue."

"Wa kwangu ameshakua."

Sibishani. Koti na kizibao elfu ishirini na tano, suruali ndefu nimemtafutia nyingine, rangi inakaribiana. Kaptula imebaki kwangu, na kwa maoni yangu ndiyo ilikuwa nzuri kuliko vyote.

Saa 11 jioni. Bibi harusi mtarajiwa anataka suti tatu zinazofanana za wabeba pete. Kwenye mtumba hazipo, na anayekuahidi anakudanganya. Nikamwambia: "Chukua makoti matatu ya rangi za giza, halafu kata kitambaa cha nguo za wasimamizi wako, fundi ashone tai tatu za kipepeo." Alifikiri kidogo, akapiga simu kwa shangazi yake, shangazi akakubali.

Saa 2 usiku. Nyumbani, miguu kwenye beseni, napandisha picha WhatsApp. Koti la kijivu limepata mtu wa Dodoma kabla sijamaliza kula. Anasema mwanawe ana miaka saba lakini "ana mwili". Nimemwomba apime mabega, maana urefu fundi anaongeza, mabega haongezi mtu. Amejibu: sentimita 31. Koti lina 32. Kesho asubuhi linapanda basi, nauli ya mzigo juu yake.