Udongo wenye mafuta na mashimo ya misingi mjini Kisumu

Viwanja vingi vinavyochimbwa misingi mjini Kisumu siku hizi vilikuwa na kazi nyingine hapo awali: kituo cha petroli, gereji, maegesho ya malori, au banda la fundi wa jua kali aliyekuwa akimwaga oili chafu nyuma ya ukuta kwa miaka mingi. Tingatinga likishuka kidogo tu, harufu ya dizeli hupanda, na ninachosikitika nacho kama msimamizi wa kazi hizi ni kwamba mara nyingi hakuna anayeisimamisha mashine. Udongo huo hupakiwa kwenye tipa pamoja na ule safi, na kabla ya jioni huwa umekwisha kuuzwa kwa mtu anayejaza kiwanja chake cha bondeni ili mafuriko yasimwingilie nyumbani.

Mtu huyo aghalabu yuko katika mitaa ya Manyatta au Nyalenda, ambako familia nyingi hutumia maji ya visima vya kina kifupi vilivyochimbwa uani. Petroli ina benzini, kemikali inayosababisha saratani, ambayo huyeyuka majini na kuteremka na mvua hadi kisimani. Oili chafu ya injini haisafiri kwa wepesi huo, lakini hubeba metali kama risasi na zinki, na hubaki pale pale watoto wanapochezea na mama anapopanda sukuma wiki. Kuuza udongo wa namna hiyo ni kumhamishia mwenzako sumu huku akikulipa.

Ndiyo maana ninashikilia kwamba jambo hili huamuliwa katika saa ya kwanza ya kuchimba. Kisumu rangi haitoshi kukuongoza, kwa kuwa udongo wetu wa tambarare ni mweusi kwa asili yake. Chukua konzi moja, uitie katika chupa angavu yenye maji safi, utikise, kisha uiache itulie. Utando wenye rangi za upinde wa mvua ukijitandaza juu ya maji, basi simamisha kazi. Jaribio hili halichukui nafasi ya maabara, ila linatosha kukuambia utenganishe. Asiingie mtu shimoni kabla hewa haijapimwa, wala asiwashe mtu sigara karibu, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hujikusanya chini.

Udongo ulioshukiwa uwekwe peke yake juu ya nailoni nzito, uzungushiwe tuta, na ufunikwe kwa turubai mchana kutwa, maana mvua ya alasiri ya Kisumu haipigi hodi, na mtaro ulio karibu humwaga maji yake ziwani. Kuuchanganya na udongo safi ili vipimo vishuke si kuusafisha. Ni kuongeza tu idadi ya malori ya udongo mchafu.

Baada ya hapo, udongo wenye dizeli unaweza kusafishwa na bakteria walio ndani yake wenyewe, mradi wapate hewa, unyevu na chakula. Hutandazwa kwa unene usiozidi sentimita 30 hivi, hupinduliwa mara kwa mara, na huongezewa samadi au mbolea ya kutosha kuleta uwiano wa karibu 100 za kaboni kwa 10 za nitrojeni na 1 ya fosforasi. Joto letu ni msaada mkubwa. Kikwazo ni kwamba udongo mweusi hushikana mabonge na kuzuia hewa, na hapo makapi ya miwa kutoka viwanda vya sukari vya ukanda wa Chemelil na Muhoroni hufaa sana kuulegeza. Nakuru hali ni tofauti: udongo wa majivu ya volkano hupitisha hewa vizuri, lakini mafuta nayo huzama ndani zaidi. Dizeli huhitaji miezi kadhaa. Oili nzito huchukua muda mrefu zaidi, na risasi haiozi kamwe, kwa hiyo udongo wa gereji ya zamani mara nyingi hauna budi kuondolewa na msafirishaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira.

Vipimo vya maabara vikiridhisha, udongo wa kichanga au wa moramu unaweza kurudishwa chini ya maegesho yaliyomiminwa zege, mbali na visima na mashamba. Ule mweusi haufai hapo hata ukiwa safi, kwa sababu huvimba ukilowa na kupasua sakafu. Upelekwe kwenye tuta la kupandwa nyasi.

Haya yote yana gharama, na gharama isiyoandikwa ndiyo inayomsukuma mkandarasi kumpigia simu mwenye tipa. Mwenye kiwanja aulize historia ya ardhi yake kabla ya kutangaza kazi, achimbiwe mashimo machache ya majaribio, na mkataba uwe na kifungu cha bei ya kutenganisha, kupima na kutibu kila mita ya ujazo ya udongo wenye mafuta.