Hotuba ya Kushawishi Huandikwa kwa Ajili ya Anayesitasita

Hotuba ya kueleza jambo hufaulu pale msikilizaji anapoondoka akiwa anajua kitu ambacho hapo awali hakukijua. Hotuba ya kushawishi ina kipimo kigumu zaidi, kwa sababu msikilizaji anaweza kuielewa yote, akaifurahia na kuipigia makofi, kisha akarejea kwenye mwenendo wake uleule wa jana. Ndiyo maana kila ninapoketi kuandaa hotuba ya namna hii, au ninapomsaidia mtu mwingine kuandaa yake, huanza kwa kuandika jibu la swali moja: baada ya kunisikiliza, nataka watu hawa wafanye nini? Jibu hilo lisipopatikana, sioni faida ya kuendelea kukusanya hoja, mada iwe inavutia kiasi gani.

Tuchukue mfano wa kuwashawishi watu wazima wenye afya njema wachangie damu. "Umuhimu wa kuchangia damu" ni mada, lakini haimtaki mtu afanye lolote. "Jiandikishe leo, kabla hujatoka ukumbini, ili uchangie damu mwezi huu" ni ombi, na mzungumzaji mwenye ombi kama hilo anajua ni ushahidi gani anaouhitaji na ni upi anaoweza kuuacha.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoipa muda mwingi kuliko zote, nayo ni kumjua atakayeketi mbele yangu. Katika hadhira yoyote wapo waliokwisha kukubali, wapo waliokataa katakata, na wapo wanaositasita. Wa kwanza wanahitaji kukumbushwa tu, wa pili ni nadra kugeuzwa na hotuba moja, kwa hiyo naandika kwa ajili ya hao wa tatu. Anayesitasita si adui, wala si mjinga. Ana sababu zake, na ni wajibu wangu kuzijua jinsi anavyozijua yeye mwenyewe: labda anaogopa sindano, labda anadhani atadhoofika na kushindwa kufanya kazi, labda ana shaka kama damu yake itamfikia mgonjwa. Sababu hizi nazitafuta kwa kuwauliza watu, kwa maana pingamizi ninalolibuni mwenyewe nikiwa mezani huwa jepesi kuliko lile halisi, na msikilizaji hutambua mara moja kwamba nimejibu swali ambalo yeye hakuwa nalo.

Je, ni busara kuzitaja sababu za upande wa pili mbele ya watu wote? Wapo wanaoshauri tukae kimya, tusije tukawapa wasikilizaji mashaka ambayo hawakuwa nayo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanasaikolojia Carl Hovland na wenzake walilichunguza jambo hili miongoni mwa askari wa Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 1949. Askari waliokuwa tayari wanakubaliana na ujumbe walivutwa zaidi na maelezo ya upande mmoja, lakini wale waliokuwa na maoni tofauti walivutwa zaidi na maelezo yaliyotaja pande zote mbili. Katika miaka ya 1960, mwanasaikolojia mwingine, William McGuire, alionyesha kwamba mtu aliyewahi kukutana na hoja pinzani pamoja na majibu yake husimama imara zaidi anaposhambuliwa na hoja hizo baadaye. Kwangu mimi hilo linatosha. Msikilizaji wangu atakutana na wapinzani nje ya ukumbi, nami ni heri azisikie hoja zao kwanza kutoka kwangu, zikiwa zimeelezwa kwa haki.

Kueleza kwa haki maana yake ni kukiri kilicho kweli. Katika mfano wetu, ni kweli kwamba baadhi ya watu huhisi kizunguzungu baada ya kuchangia, na ni kweli kwamba chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa kurudi katika kiwango chake. Nikishayasema hayo waziwazi, nina haki ya kuongeza kwamba kiasi kinachotolewa kwa kawaida ni takriban mililita 450, ilhali mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi, na kwamba sehemu ya majimaji hurudi ndani ya siku moja au mbili. Anayesita kwa kuogopa udhaifu atanisikiliza, kwa kuwa sikumwambia kwamba hofu yake ni upuuzi.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeandika juu ya balagha, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alitaja njia tatu za kushawishi: tabia ya mnenaji, hisia za wasikilizaji, na hoja yenyewe. Watu huzikariri njia hizo tatu bila kukumbuka jambo lingine alilosisitiza, kwamba imani ya wasikilizaji kwa mnenaji inapaswa kujengwa na hotuba yenyewe, wala si sifa aliyokuja nayo. Naliona hili kuwa la thamani kubwa, hasa kwa mtu asiye na cheo wala jina. Namna anavyokiri, anavyotaja chanzo cha takwimu yake na anavyokataa kutia chumvi ndivyo vinavyompa uzito.

Kuhusu mpangilio sitasema mengi. Katika miaka ya 1930, Alan Monroe wa Chuo Kikuu cha Purdue alipendekeza hatua tano ambazo bado zinafundishwa: kuvuta usikivu, kuonyesha haja, kutoa suluhisho, kumwezesha msikilizaji kuiona hali itakavyokuwa, na kumwita atende. Ni mpangilio mzuri, ingawa hatua ya nne huachwa mara nyingi. Ni hapo ambapo ningeeleza kwamba chembe nyekundu huhifadhiwa kwenye ubaridi kwa wiki sita tu hivi na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, kwa siku chache, hivyo mgonjwa atakayeletwa wiki ijayo anategemea watu walioamua sasa. Hisia zinazotokana na ukweli wa namna hiyo sizionei haya. Ninachokikataa ni kumliza mtu kwa kisa cha kutungwa, kwani huko ni kumpora uamuzi wake.

Mwito wa mwisho ndio unaoharibu hotuba nyingi zilizoandaliwa vyema. Mwaka 1965, mwanasaikolojia Howard Leventhal na wenzake walichapisha uchunguzi waliowafanyia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale kuhusu chanjo ya pepopunda. Ujumbe wenye kutisha zaidi uliwafanya wanafunzi waseme kwamba wanataka chanjo, lakini waliokwenda kuchanjwa kweli walikuwa hasa wale waliopewa pia ramani, saa za huduma na msaada wa kupanga muda wa kwenda: takriban 28 kati ya 100, dhidi ya 3 hivi kati ya 100 ambao hawakupewa mpango huo. Kwa hiyo "tujitokeze kwa wingi" ni mwito dhaifu. Mwito wenye nguvu hutaja mahali, siku na saa, na hutanguliwa na fomu zilizokwisha kuwekwa mezani.

Katika kuitoa hotuba, nakariri neno kwa neno sentensi za mwanzo na za mwisho peke yake, na sehemu ya kati naibeba kwa maneno makuu machache kwenye karatasi. Wengi hutaja hotuba ya Martin Luther King, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, ya tarehe 28 Agosti 1963, ambamo ile sehemu mashuhuri ya "nina ndoto" haikuwa katika maandishi yaliyoandaliwa, kama ushahidi kwamba maandalizi si lazima. Mimi naiona kinyume kabisa, kwa sababu maneno hayo alikuwa ameshayatumia katika hotuba za awali, na aliyaacha maandishi akiwa na kitu kingine kilichoiva. Mazoezi ya sauti kubwa, huku nikipima muda, hunionyesha sentensi ambazo jicho lilizipenda lakini pumzi haizimudu. Jukwaani, woga humfanya mtu aende mbio, hivyo naweka alama za kutua baada ya kila takwimu na kabla ya ombi. Mikono na mwendo huwa sivipangi. Hufuata maana vyenyewe.

Baada ya hapo huja maswali, ambayo ni sehemu ya hotuba kwa kadiri ileile. Huyo anayeinua mkono kwa kusita huuliza kwa niaba ya wengi walionyamaza. Narudia swali lake ili wote walisikie, namjibu kwa ufupi, na kama swali limegusa udhaifu wa kweli katika hoja yangu, nasema hivyo. Kisha, badala ya kuliacha swali la mwisho lifunge kikao, narudia ombi langu mara moja tena na kuonyesha fomu zilipo.